Injini Inapokataa Kuwaka: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu katika Simuleta ya Ndege Nyumbani

Injini ya ndege inapokataa kuwaka katika simuleta, wengi hukimbilia kubonyeza Ctrl na E, amri ambayo katika Microsoft Flight Simulator huiachia programu yenyewe kazi yote ya kuwasha. Mara nyingine injini huwaka kweli, lakini aliyebonyeza hajajua ni kitu gani kilichokuwa kimeizuia, na akiketi tena siku nyingine atakutana na tatizo lile lile. Isitoshe, katika ndege za kununua zilizoundwa kwa undani, amri hiyo huweza kuwasha baadhi ya swichi na kuziacha nyingine, na ndege ikabaki katika hali ambayo haimo katika kitabu chochote cha rubani. Mwongozo huu unafuata njia tofauti: kutazama injini inakwamia wapi, kisha kutafuta sababu hapo hapo inapokwamia.

Mfano mkuu ni Cessna 172S, kwa kuwa imo katika Microsoft Flight Simulator na katika simuleta nyingine, X-Plane, na kwa kuwa injini yake, Lycoming IO-360-L2A ya nguvu farasi 180, haina mambo mengi ya kujificha. Baadaye tutaigusa Cessna Caravan, kisha ndege kubwa za abiria.

Kosa liko upande gani?

Kuna pande tatu tu: utaratibu wa rubani, vifaa vilivyo mezani, na programu yenyewe. Upande wa pili ndio unaosababisha matatizo mengi kuliko watu wanavyodhani, na ndio unaoshukiwa mwisho, kwa hiyo anza nao.

Zima programu, chomoa jostiki, usukani na kifaa cha mikono ya nguvu, ubaki na kibodi na kipanya peke yake. Washa programu, pakia ndege ikiwa kwenye maegesho, kisha fuata hatua zote za kuwasha kwa kutumia kipanya. Injini ikiwaka, tatizo liko kwenye kifaa ulichochomoa, na kazi iliyobaki ni kurudisha vifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Isipowaka, tatizo ni la utaratibu au la programu, na huna haja ya kupoteza jioni nzima ukirekebisha jostiki isiyo na hatia.

Kama hutaki kuchomoa chochote, kuna kipimo cha haraka zaidi. Ushike kwa kipanya mkono mwekundu wa mchanganyiko wa mafuta na hewa, usukume hadi mwisho mbele, uuachie, kisha utazame kwa muda bila kugusa kitu. Ukirudi nyuma wenyewe, au ukitetemeka, kuna kifaa mezani kinachotuma amri ya kupingana na yako. Sababu ni kwamba ndani ya vifaa vingi vya bei nafuu mna kipimo cha umeme kinachochakaa au kuingia vumbi, kikawa kinabadilika kidogo kidogo hata mkono ukiwa umetulia. Programu huchukulia kila badiliko kuwa ni amri mpya kutoka kwako. Unaweza kuyaona mabadiliko hayo nje ya simuleta: katika Windows, andika joy.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua kifaa chako, na utazame mistari ya mihimili, yaani mistari inayoonyesha mwendo wa kila mkono au fimbo. Mstari unaochezacheza bila kuguswa ndio ugonjwa wenyewe, na tiba yake ni kupima upya kifaa, kuongeza eneo tulivu (sehemu ambayo mwendo mdogo hupuuzwa) katika mipangilio ya mhimili huo, au kusafisha kifaa.

Kosa la pili la vifaa ni mhimili uliogeuzwa. Mkono wako uko mbele mezani, lakini ndani ya ndege uko nyuma kabisa kwenye kukata mafuta. Hili hutokea sana mtu anaponunua kifaa kipya na kukubali mpangilio unaokuja nacho bila kuutazama. Lirekebishe kwa kuweka alama ya kugeuza mhimili katika mipangilio ya vidhibiti, kisha hakiki kwa macho ndani ya chumba cha rubani kwamba mikono miwili, wa mezani na wa kwenye skrini, inakwenda upande mmoja.

Kosa la tatu linahusu swichi. Usukani wa Honeycomb Alpha, kwa mfano, una swichi ya ufunguo wa magneto (vizalisha cheche vya injini) pamoja na swichi za betri na alternata (jenereta inayozungushwa na injini) juu ya meza. Ukiwasha betri kwa kipanya huku swichi ya mezani ikiwa imezimwa, una vyanzo viwili vya amri vinavyosema maneno tofauti, na hujui kipi kitasikilizwa. Amua mapema: swichi iliyoko mezani iguswe mezani tu, na kabla ya kupakia ndege hakikisha zote ziko mahali pamoja na zile za kwenye skrini. Zikiwa zimepishana, zima ya mezani kisha uiwashe tena.

Propela haizunguki hata kidogo

Hapa usifikirie mafuta wala moto wa plagi. Stata, mota inayozungusha injini ili iwake, haipati umeme, au haipati amri.

Anza kwenye swichi nyekundu ya umeme mkuu, yenye sehemu mbili zilizoandikwa ALT na BAT. Zikiwa zimewashwa, skrini ya kushoto huamka, na geji ya umeme husoma takriban volti 24, ambao ni umeme wa betri peke yake. Ikisoma chini ya hapo kwa kiasi kikubwa, betri imechoka. Jambo hili ni la kawaida kwa anayeacha skrini, taa na redio zikiwaka kwa muda mrefu huku akisoma ramani, kwa maana alternata haichaji chochote hadi injini izunguke. Swichi za redio na vyombo vya urambazaji zinatakiwa kuwa zimezimwa wakati wa kuwasha, si kwa sababu ya betri tu, bali pia kwa sababu ndivyo kitabu cha ndege halisi kinavyoagiza. Njia rahisi ya kupata betri mpya ni kupakia safari upya.

Kuna ndege ambazo njia hiyo haisaidii. Comanche ya A2A Simulations huhifadhi hali yake kutoka safari moja hadi nyingine: betri uliyoimaliza jana itakuwa imekwisha leo pia, na plagi ulizozichafua zitabaki chafu hadi uzishughulikie kwenye tableti iliyomo ndani ya ndege. Mwenye ndege ya aina hii na afungue kwanza ukurasa wa matengenezo kabla ya kulaumu kompyuta.

Betri ikiwa nzima, tazama safu ya vikata umeme chini ya paneli. Kilichochomoza nje kimekata njia yake, na hubonyezwa kurudi ndani. Baada ya hapo, uchunguze ufunguo. Nafasi zake ni tano: OFF, R, L, BOTH na START, na START hurudi BOTH yenyewe ukiuachia. Katika X-Plane ni lazima kitufe cha kipanya kishikiliwe muda wote stata inapozunguka. Atakayebofya mara moja na kuachia ataona propela ikitikisika tu. Katika Microsoft Flight Simulator kuna mifumo miwili ya kugusa vyombo kwa kipanya, LOCK na LEGACY, na ufunguo ambao haugeuki katika mmoja mara nyingi hugeuka bila shida katika mwingine. Chaguo hilo liko kwenye mipangilio ya ufikivu, mahali ambapo wachache hufikiria kutafuta.

Propela inazunguka, injini haishiki

Sasa umeme upo. Kinachokosekana ni mafuta au cheche, na mara nyingi zaidi ni mafuta.

Tazama sakafuni katikati ya viti: kichagua tangi kiwe BOTH. Karibu yake kuna kitufe chekundu cha kufunga mafuta, ambacho kinatakiwa kusukumwa ndani kabisa. Thibitisha kwamba kuna mafuta tanki zote mbili. Aliyepunguza uzito wa ndege kwenye ukurasa wa mizigo huweza kusahau kwamba aliacha sifuri. Mambo haya matatu huchukua nusu dakika kuyahakiki, kwa hiyo usiyaruke eti kwa sababu jana yalikuwa sawa.

Kisha urudie utaratibu wa kuwasha kama unavyofuatwa katika ndege halisi injini ikiwa baridi, kwa sababu injini yenye sindano za mafuta haiwashwi kwa mpangilio ule ambao mtu angeubuni mwenyewe. Fungua mkono wa nguvu kidogo tu, takriban robo inchi. Uache mkono mwekundu wa mchanganyiko nyuma kabisa. Washa pampu ya mafuta ya umeme, sukuma mkono mwekundu mbele hadi geji ya mtiririko wa mafuta itulie kwa sekunde 3 hadi 5, uurudishe nyuma kabisa, kisha uzime pampu. Sasa geuza ufunguo hadi START, na injini inaposhika, peleka mkono mwekundu mbele kwa ulaini bila kuchelewa, huku ukiuachia ufunguo urudi BOTH. Shinikizo la oili linatakiwa kupanda ndani ya sekunde 30. Lisipopanda, zima injini.

Injini ikiwa bado ya moto kutoka safari iliyopita, acha hatua ya pampu. Ukiirudia, mitungi itajaa mafuta kupita kiasi, na stata itazunguka bure kama pikipiki iliyopigwa kiki huku choki imevutwa. Dawa ya injini iliyozidiwa na mafuta ni hii: mkono mwekundu nyuma kabisa, pampu imezimwa, mkono wa nguvu umefunguliwa kuanzia nusu hadi wote, kisha piga stata. Hewa nyingi huyakausha mafuta yaliyozidi. Injini ikishika, peleka mkono mwekundu mbele, na papo hapo urudishe mkono wa nguvu nyuma, la sivyo ndege itaruka mbele kutoka kwenye maegesho. Si kila ndege ya simuleta inaiga jambo hili. Katika zile za msingi injini huwaka hata ukivuruga mpangilio, jambo linalowajengea watu mazoea mabaya ambayo huwaumbua siku wanaponunua ndege iliyoundwa kwa uangalifu.

Usishikilie stata bila kikomo. Kiwango cha 172S ni sekunde 10 za kuzungusha na 20 za kupumzisha. Mzunguko huo huweza kurudiwa mara mbili zaidi, kisha stata iachwe ipoe kwa dakika 10.

Inashika, kisha inazima

Hili ndilo tatizo lenye sababu nyingi, na ndilo linalowachosha wengi. Sababu ya kwanza ni uzembe wa mkono: injini imeshika kwa mafuta yaliyotangulia kuingizwa, lakini mkono mwekundu haukupelekwa mbele kwa wakati, ikaishiwa. Sababu ya pili ni mkono wa nguvu kufungwa kabisa mara tu injini inaposhika. Uuache ulivyo hadi mizunguko ifike takriban 1,000 kwa dakika. Sababu ya tatu ni ule mhimili unaotetemeka, ambao unaweza kuruhusu injini kuwaka na kuikatia mafuta sekunde chache baadaye. Ukiona injini inazima kila mara unapougusa mkono wowote mezani, rudi kwenye sehemu ya vifaa hapo juu.

Sababu ya nne ni mwinuko wa kiwanja, nayo inawahusu sana warukaji wa Afrika Mashariki. Anayejifunzia Dar es Salaam au Zanzibar yuko karibu na usawa wa bahari, ambako mkono mwekundu ukiwa mbele kabisa huleta mchanganyiko unaofaa. Akihamia Wilson, Nairobi, yuko takriban futi 5,500 juu. Arusha ni takriban futi 4,500. Hewa ni nyepesi, lakini mafuta yanayoingia ni yale yale, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito: injini inakohoa, mizunguko inashuka, na katika simuleta inaweza kuzima kabisa inapokuwa katika mwendo wa chini. Mara injini inaposhika katika viwanja hivyo, usipeleke mkono mwekundu hadi mwisho. Usukume hadi injini itulie, kisha uuvute nyuma polepole ukitazama geji ya mizunguko: itapanda kidogo, ifike kilele, halafu ianze kushuka. Uache karibu na kilele hicho. Kitabu cha Cessna 172 kinaagiza kwamba kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, kabla ya kuruka, mchanganyiko upunguzwe hadi kupata mizunguko mingi zaidi nguvu ikiwa imefunguliwa yote. Microsoft Flight Simulator ina msaada unaorekebisha mchanganyiko wenyewe. Ukiwashwa, utaona mkono unakwenda bila wewe, na huo si ugonjwa.

Injini inayowaka lakini inakosa nguvu hupimwa kwa magneto. Panda hadi mizunguko 1,800, geuza ufunguo R, urudi BOTH, kisha L. Kushuka kusizidi mizunguko 150 kwa kila upande, wala tofauti baina ya pande mbili isizidi 50. Kama hakuna kushuka kabisa, huenda ufunguo wa mezani ndio unaoshikilia amri ya BOTH.

Caravan na injini za turbopropu

Cessna 208 Caravan ndiyo ndege ambayo abiria wengi wa mbuga za Tanzania na Kenya wameipanda, na wapenzi wa simuleta wa huku huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Injini yake ni turbopropu, yaani turbini inayozungusha propela, kwa hiyo haina mkono wa mchanganyiko. Ina mkono wa mafuta wenye nafasi za CUTOFF, LOW IDLE na HIGH IDLE, na hapo ndipo mtego ulipo: katika ndege kadhaa za simuleta mkono huo hufuata amri ile ile ya mchanganyiko uliyoipanga kwa Cessna ndogo, na katika nyingine una amri yake ya pekee. Mtu hupakia Caravan huku mkono wake mwekundu wa mezani uko mbele, mafuta yanaingia kabla turbini haijapata kasi, na joto linapanda vibaya.

Utaratibu ni huu. Matangi yote mawili yafunguliwe juu ya kichwa cha rubani. Moja likiwa limefungwa, king'ora hulia wakati wa kuwasha. Betri iwashwe, pampu ya mafuta iwe ON, swichi ya cheche iwe NORM, kisha stata iende START. Tazama geji ya Ng (kasi ya sehemu ya turbini inayozalisha gesi) bila kugusa mafuta hadi isome angalau asilimia 12 na kutulia. Hapo ndipo mkono wa mafuta uende LOW IDLE. Joto, linalosomwa kwenye geji ya ITT, litapanda haraka, lifike kilele, kisha lishuke. Ng ikipita asilimia 52, zima stata. Katika Caravan yenye injini ya PT6A-114A, joto likikimbilia nyuzi 1,090 za selsiasi, au lisipopanda kabisa ndani ya sekunde 10 baada ya kuingiza mafuta, rudisha mkono CUTOFF mara moja. Subiri angalau sekunde 30 mafuta yatiririke nje, uzungushe injini kikavu kwa nafasi ya MOTOR, ndipo ujaribu tena. Ng ikikwama chini ya asilimia 12, betri ni dhaifu, na kuongeza mafuta hapo ni kuunguza injini.

Ndege kubwa za abiria

Injini za ndege nyingi za Airbus na Boeing, isipokuwa Boeing 787, haziwashwi kwa umeme bali kwa hewa yenye mgandamizo, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye injini ndogo ya mkiani, APU. Kwa hiyo swali la kwanza ni: je, hewa ipo?

Katika A320neo, subiri kitufe cha kuwashia APU kionyeshe AVAIL kwa kijani, kisha uwashe APU BLEED, kitufe kinachofungulia hewa hiyo. Watu wengi huruka kitufe hiki, injini ikabaki kimya kana kwamba amri haikusikika. Pampu za mafuta ziwashwe, mikono ya nguvu iwe kwenye mwendo wa chini, kichagua cha injini kigeuzwe IGN/START, ndipo swichi ya injini iinuliwe. Kompyuta ya injini itafanya yaliyobaki. Katika A32NX, yaani A320neo iliyoundwa na kikundi cha FlyByWire, mikono ya nguvu hupimwa kwenye tableti ya ndege yenyewe. Isipopimwa, mkono unaoonekana umerudi nyuma mezani unaweza kusomwa kuwa uko juu kidogo ya mwendo wa chini.

Katika 737-800, rubani ndiye anayeingiza mafuta. Zima viyoyozi vyote viwili, washa hewa ya APU, na utazame geji ya shinikizo: karibu na usawa wa bahari itafutwe psi 30 au zaidi. Geuza swichi ya kuwashia injini hadi GRD, subiri N2 (kasi ya shafti ya ndani ya injini) ifike asilimia 25 huku N1 (kasi ya feni ya mbele) ikiwa imeanza kuonekana, kisha inua mkono wa mafuta. Swichi itajirudisha N2 inapofika takriban asilimia 56. N2 ikikwama chini ya 20, mara nyingi umesahau kiyoyozi kimoja, nacho kinakula hewa ya stata.

Programu yenyewe

Ukifika hapa bila mafanikio, hamisha kila kilichomo katika folda ya Community, ambamo viongezo (ndege na mandhari za ziada) vya Microsoft Flight Simulator huwekwa, kwenda mahali pengine na ujaribu ndege ya msingi. Ikiwaka, rudisha viongezo nusu nusu hadi umpate anayegombana na wenzake. Kwa X-Plane, hakiki ukurasa wa hitilafu za kubuni, kwa sababu hitilafu iliyowashwa zamani kwa mazoezi huweza kubaki. Faili la Log.txt katika folda kuu huonyesha kiongezo kilichoshindwa kupakiwa. Kufuta programu na kuipakua upya ni hatua ya mwisho kabisa, na kwa bei ya bando la intaneti ni vema isifikiwe.

Kifaa kikipotea katikati ya safari, fungua kidhibiti cha vifaa cha Windows, nenda kwenye vitovu vya USB, na uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuvizima ili kuokoa umeme. Mwishowe, mpangilio uliofanya kazi uuhifadhi kwa jina la ndege husika, mmoja wa Cessna ya pistoni na mwingine wa Caravan, na baada ya kila sasisho la programu ufungue ukurasa wa vidhibiti kuhakiki kwamba haukurudishwa kwenye mpangilio wa kiwandani.